Mganga hajigangi: kisa cha maabara ya kompyuta ya Cambridge na mfumo wa hesabu wa chuo chake

Agosti 2000, Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kiliuweka kando mfumo wake wa zamani wa hesabu na kuwasha mpya ulioitwa CAPSA. Haukupita muda malalamiko yakatanda. Idara zilishindwa kujua zimebakiwa na fedha kiasi gani. Watumishi walikaa mbele ya skrini ambazo hawakuwa wamefundishwa vya kutosha kuzitumia. Mamilioni ya pauni yalikuwa yameshakwenda. Chuo kikaita wachunguzi wawili wa nje: Michael Shattock, mjuzi wa uendeshaji wa vyuo vikuu, na Anthony Finkelstein, profesa wa uhandisi wa mifumo ya programu katika University College London. Ripoti zao zilitoka 2001 na hazikumung'unya maneno. Lawama kubwa haikuangukia mashine. Iliangukia uongozi: mradi uliosimamiwa vibaya, watumiaji ambao hawakushirikishwa ipasavyo, na madaraka yaliyotawanyika hata ikawa vigumu kusema nani hasa anajibu.

Kinachochekesha katika kisa hiki, au kinachouma, ni mahali kilipotokea. Chuo hicho ndicho kilichowasha EDSAC mwaka 1949, kompyuta ya kwanza yenye programu ndani ya kumbukumbu yake kutumika kwa kazi za kila siku. Ndicho kilichoanzisha, 1953, kozi ya kwanza duniani ya mwaka mzima yenye cheti cha chuo kikuu katika mambo ya kompyuta. Mwaka 2000 idara yake ya sayansi ya kompyuta, ambayo wakati huo bado iliitwa Maabara ya Kompyuta, ilikuwa katikati ya mji, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka ofisi za utawala. Wataalamu wamejaa upande mmoja wa barabara, na upande wa pili mfumo wa hesabu unaanguka. Jibu la haraka la mtaani linajulikana: mganga hajigangi.

Mimi silikubali jibu hilo, angalau si lote. Lakini nalielewa. Mtu yeyote aliyewahi kufundisha sayansi ya kompyuta amegongewa mlango na mwenzake wa idara nyingine aliyekumbatia printa iliyokwama. Na hakuna chuo ambacho mkubwa mmoja hajawahi kuuliza kwenye kikao kwa nini kampuni ilipwe fedha yote ile ilhali tuna idara nzima ya watu wa kompyuta. Swali si la kijinga. Linauliza idara hii ipo kwa ajili gani: kufundisha, kutafiti, au kuwatengenezea wenzao mifumo? Cambridge inafaa kuchunguzwa kwa sababu idara yake haikuanza na wanafunzi wala na nadharia. Ilianza ikiwa chumba cha kuwapigia wengine hesabu.

Chumba cha hesabu

Chuo kilianzisha Maabara ya Hisabati mwaka 1937. Mkurugenzi wake wa kwanza, John Lennard-Jones, alikuwa profesa wa kemia ya nadharia, na jambo hilo peke yake linaeleza maabara ilitakiwa kufanya nini. Wanakemia na wanafizikia walikuwa na milinganyo ambayo karatasi na kalamu zilishindwa kuimaliza. Maabara ingewapa mashine za kukokotoa za mezani, zile za kuzungusha mpini, pamoja na kifaa kikubwa cha magurudumu na mihimili kilichokuwa kikitatua milinganyo ya tofauti kwa mwendo wa vyuma. Aliyeajiriwa kusaidia ni Maurice Wilkes, kijana wa miaka 24 aliyekuwa akitafiti mawimbi ya redio.

Vita vilipoanza 1939 jeshi likaichukua maabara, na Wilkes akaenda kwenye kazi za rada. Aliporudi 1945 akakabidhiwa aiongoze. Mwezi Mei 1946 L. J. Comrie, bingwa wa majedwali ya hesabu, alimtembelea akiwa na ripoti ya mwanahisabati John von Neumann kuhusu mashine ya EDVAC, ile inayoeleza kompyuta inayohifadhi maagizo yake mahali pamoja na data. Mashine za kutoa nakala hazikuwapo, na ripoti ilitakiwa kurudi na mwenyewe. Wilkes aliisoma usiku mmoja. Agosti mwaka huohuo akasafiri hadi Philadelphia kuhudhuria mihadhara kuhusu kompyuta iliyotolewa na Moore School katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akafika mihadhara ikiwa imekwisha anza kitambo. Alipokuwa akirudi kwa meli ya Queen Mary alianza kuchora mashine yake.

Uamuzi alioufanya baada ya hapo ndio msingi wa kisa chote. Wahandisi wa wakati ule wangeweza kushindana nani atapata saketi ya kasi zaidi. Wilkes hakushindana. Alichagua vijenzi vilivyojulikana, mwendo wa wastani, na kumbukumbu ya mirija ya zebaki, teknolojia aliyoifahamu kutoka kwenye rada. Alitaka mashine ipatikane mapema na ifanye kazi, ili ajifunze jambo lililokuwa halijajulikana na mtu yeyote: watu watazitumiaje hizi mashine? Wenzao wa Manchester waliwatangulia kuendesha programu iliyohifadhiwa ndani ya mashine, 21 Juni 1948, kwa kompyuta ndogo ya majaribio. Hilo halikumvuruga. Tarehe 6 Mei 1949 EDSAC ilichapisha jedwali la vipeo vya pili vya namba 0 hadi 99. Ilikuwa na valvu zipatazo 3,000 na ilitekeleza maagizo kama 650 kwa sekunde. Simu ya bei ya chini kabisa leo ingeona haya kutajwa pamoja nayo, lakini kwa mtu aliyezoea kuzungusha mpini ilikuwa miujiza.

Siku ya tatu mpe jembe

Mwaka 1950 wageni wakaanza kuingia. Na hapa Maabara ilikuwa na njia mbili.

Ya kwanza ilikuwa kuwa fundi cherehani wa chuo. Mwanabiolojia analeta tatizo, wataalamu wanaandika programu, wanaiendesha, wanamkabidhi majibu. Njia hii inapendwa na kila mteja, na inamfanya fundi aonekane wa lazima. Mahali pengi palipokuwa na kompyuta miaka ile pakaenda kwa mtindo huo. Ya pili ilikuwa kumkaribisha mwanabiolojia mwenyewe ndani, kumfundisha aandike programu yake, atoboe tepu yake ya karatasi, apange foleni kama wengine. Wahenga walikwisha sema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Cambridge ilitoa jembe.

Foleni yenyewe ilikuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Tepu zilizotobolewa zilitundikwa kwenye waya uliolazwa kama kamba ya kuanikia nguo, kila moja ikisubiri zamu yake. Mwendeshaji alichukua iliyotangulia, akaiingiza, akatoa majibu. Usiku, watumiaji waliothibitika kuwa wanajua wanachofanya waliruhusiwa kuiendesha mashine wenyewe bila mafundi, hadi asubuhi au hadi iharibike, ipi ianze. Napenda kuifikiria ruhusa ile. Chombo chenye thamani kuliko vyote ndani ya jengo, anaachiwa mwanafunzi wa fizikia saa nane za usiku.

Lakini jembe halitolewi bila mpini. Huwezi kumwambia mwanakemia aandike programu kisha ukamwacha aanze na kila hesabu ya kipeo cha pili kutoka sifuri. Kwa hiyo Maabara ikatumia nguvu zake nyingi kutengeneza maktaba: vipande vya programu vilivyokwisha jaribiwa, vimetobolewa kwenye tepu, vimehifadhiwa kabatini, mtumiaji anachukua anachohitaji na kukinakili ndani ya tepu yake. Kufikia 1951 vilikuwa 87. David Wheeler, mwanafunzi wa Wilkes, ndiye aliyebuni namna ya programu kuruka kwenda kwenye kipande hicho na kurudi palepale ilipotoka, jambo ambalo kila mwandika programu wa leo analifanya mara mia kwa siku bila kujua lina baba. Mwaka huo wa 1951 Wilkes, Wheeler na Stanley Gill walitoa kitabu kilichoeleza utaratibu wote huo, kitabu cha kwanza cha kufundisha uandishi wa programu. Kilitokana na haja ya watu waliokuwa wamesimama mlangoni wakiuliza: sasa naanzaje?

Walijifunza pia jambo la pili, tena kwa aibu kidogo. Katikati ya 1949 Wilkes alikuwa akihangaika na programu yake ya mistari 126. Tepu ya jaribio lake ilipochunguzwa miaka mingi baadaye ilikutwa na makosa kama 20. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba ilikuwa kwenye ngazi, akipanda na kushuka kati ya mashine na chumba cha kutobolea tepu, ndipo ilipomjia kwa uzito wake wote kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ingeishia kutafuta makosa ndani ya programu zake mwenyewe. Kabla ya hapo watu wengi walidhani programu ni jambo la kuandika kwa uangalifu likaisha. Maarifa haya hayakuletwa na nadharia. Yaliletwa na kuhudumia.

Na waliohudumiwa walivuna. R. A. Fisher, bingwa wa takwimu na jenetiki, alikuwa na mlinganyo kuhusu jinsi jeni zinavyosambaa. Wilkes na Wheeler waliupitisha kwenye EDSAC na jibu likachapishwa 1950. John Kendrew alikuwa akitafuta umbo la protini ya mayoglobini kwa miale ya eksirei, kazi inayodai majumlisho mengi kuliko mtu anavyoweza kuyafanya katika maisha yake. Alishirikiana na John Bennett wa Maabara kuyaandikia programu, na mwaka 1962 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia. Martin Ryle alitumia mashine za Maabara katika astronomia ya redio, naye akaipata ya fizikia mwaka 1974. Kisa cha Andrew Huxley kinasema zaidi kuliko hivi vyote kwa sababu kinaonyesha upande wa pili. Yeye na Alan Hodgkin walipotaka kuthibitisha milinganyo yao ya mwendo wa umeme kwenye mshipa wa fahamu, EDSAC ilikuwa imezimwa ili ifanyiwe marekebisho. Huxley akakaa na mashine ya kuzungusha mpini, wiki kadhaa, tarakimu kwa tarakimu. Kazi ikatoka 1952, nayo ikawapa Nobel ya 1963. Wanaoipenda Maabara kupita kiasi husahau kuitaja sehemu hiyo: sayansi ilisonga hata mashine ilipolala, ila kwa jasho.

Kulikuwa na mengine ambayo hakuna aliyeyaomba. Mwanahisabati J. C. P. Miller na Wheeler walipata mwaka 1951 namba tasa ya tarakimu 79. A. S. Douglas, katika tasnifu yake ya 1952, aliifanya mashine icheze na binadamu mchezo wa duara na msalaba, ubao ukionekana kwenye kioo kidogo cha skrini. Mtu wa hesabu za fedha angeuliza mchezo ule ulimsaidia nani. Siku zile hakumsaidia mtu. Leo kuna taaluma nzima inayotafiti jinsi mtu na kompyuta wanavyoelewana, na tasnifu ya Douglas ilikuwa juu ya hilohilo.

Huku kupeana jembe kulikuja kujitokeza tena nusu karne baadaye. Karibu na 2006 Eben Upton na wenzake waliokuwa Maabara waliona kuwa vijana wanaoomba kusoma sayansi ya kompyuta wanapungua mwaka hadi mwaka, na wale wanaokuja hawajawahi kuchezea programu kama waliowatangulia. Wangeweza kuandika barua ya kulalamikia shule. Badala yake walitengeneza kompyuta ndogo ya bei ya chini ambayo mtoto anaweza kuivuruga bila kuogopa kupigwa kelele. Raspberry Pi ilianza kuuzwa 29 Februari 2012, kwa dola 35.

Huduma ikageuka taaluma

Kozi ile ya 1953 ilikuwa stashahada ya uzamili, na jina lake lilibeba uchambuzi wa kinamba na ukokotozi wa kiotomatiki. Maneno "sayansi ya kompyuta" hayamo. Haikuwa kasoro, wakati ule hakuna aliyekuwa na hakika kama kuna sayansi humo. Kozi ya shahada ya kwanza ilichelewa hadi mwaka wa masomo wa 1970-71, na hata hapo ilikuwa ya mwaka mmoja tu, kwa wanafunzi waliokwisha soma kitu kingine.

Miaka hiyo kumi na saba iliyokuwa kati inafaa kutazamwa kwa makini na yeyote anayedhani utafiti na huduma ni maadui. EDSAC 2 ilianza kazi 1958 ikiwa imejengwa kwa wazo ambalo Wilkes alilitoa 1951, la kuifanya sehemu inayoiongoza kompyuta kuwa yenyewe programu ndogo ya ndani, ili mashine iwe rahisi kubuniwa na kurekebishwa. Wazo lile lilikuja kutumiwa na kompyuta za kibiashara dunia nzima. Baadaye ikaja Titan, iliyojengwa pamoja na kampuni ya Ferranti, na kufikia 1967 iliweza kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja mbele ya kituo chake.

Sasa fikiria tatizo la watu wengi kwenye mashine moja. Kila mtu ana mafaili yake, kila mtu ana nywila, na nywila zote lazima zikae mahali fulani ndani ya mashine. Atakayelifungua faili hilo amewapata wote. Roger Needham wa Maabara alipendekeza nywila zisihifadhiwe kabisa. Zipitishwe kwenye kanuni ya hesabu ambayo ni rahisi kwenda na ni vigumu mno kurudi, kisha kihifadhiwe kile kilichotoka. Mtu akiandika nywila yake, inapitishwa upya na matokeo yanalinganishwa. Mifumo tunayoingia kila asubuhi leo inafuata wazo hilohilo, likiwa limeongezewa nguvu. Needham hakukaa chini kutafuta mada ya kuandikia makala. Alikuwa na watumiaji, na watumiaji wana siri.

Hapo ndipo ninapoona jibu la nusu ya swali letu. Huduma iliyoilisha taaluma ilikuwa ile ambayo hakuna aliyejua namna ya kuitoa. Mwaka 1950 kumwezesha mwanakemia kutumia kompyuta lilikuwa fumbo. Mwaka 1967 kugawana mashine moja kwa usalama lilikuwa fumbo. Kila fumbo lilipofumbuliwa likawa kazi ya kawaida, na kazi ya kawaida ina heshima yake, ila inahitaji watu wa aina nyingine: wenye subira, wanaofika saa ileile kila siku, wanaopima mafanikio yao kwa kutosikika. Mtafiti akipewa kazi hiyo ataifanya vibaya, tena kwa kinyongo.

Kutengana bila talaka

Cambridge iliiona tofauti hii mapema. Mwaka 1970 Maabara ya Hisabati ikaitwa Maabara ya Kompyuta, na ndani yake huduma ya kompyuta ikapewa mkurugenzi wake, David Hartley, pembeni ya upande wa ufundishaji na utafiti. Nyumba moja, vyumba viwili. Hartley aliiongoza huduma hiyo hadi 1994. Wilkes, aliyekwisha pata Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1967, alistaafu 1980 na Needham akaishika Maabara.

Kukaa jirani kulikuwa na faida zisizoandikika kwenye bajeti. Aliyekuwa akibuni mtandao alikula chakula cha mchana na aliyekuwa akiwajibu watu mtandao ulipokatika. Ucheshi wa mahali pale unaonekana kwenye kile chombo cha kahawa. Mwaka 1991 watafiti, wakiwa wamechoka kupanda na kushuka na kukuta chombo kitupu, walikielekezea kamera iliyotuma picha kwenye skrini zao kupitia mtandao wa ndani. Mwaka 1993 picha ikaunganishwa na wavuti, na watu wa mabara yote wakawa wanatazama kama kahawa imebaki. Kamera ilizimwa 22 Agosti 2001, idara ilipokuwa ikihama. Upuuzi mtupu, na papo hapo kamera ya kwanza ya wavuti.

Mwaka huo wa 2001 idara ikaenda kwenye jengo jipya magharibi mwa mji. Huduma ikabaki katikati. Vyumba viwili vikawa nyumba mbili.

Lakini kulikuwa na nyumba ya tatu, na ndiyo inayotupa shida. Kompyuta za utawala, zile za mishahara, hesabu na kumbukumbu za wanafunzi, zilikuwa chini ya kitengo chao wenyewe ndani ya ofisi za utawala. Huduma ya Hartley iliwatumikia wasomi, utawala ulijitumikia. Mgawanyo huu upo katika vyuo vingi na kwa kawaida hauulizwi na mtu, kwa sababu hesabu za fedha huonekana ni mambo ya ofisini tu. CAPSA ilizaliwa upande huo.

Nani angeulizwa

Turudi basi Agosti 2000. Je, Maabara ingejenga mfumo wa hesabu? Hapana, na ninasema hivyo bila kusita. Mfumo wa hesabu wa chuo kikuu si fumbo la kisayansi. Ni ankara, ruzuku, kodi na sheria za wafadhili, na unatakiwa uendelee kukarabatiwa kwa miaka baada ya waliouandika kuhitimu au kuhamia chuo kingine. Mwanafunzi wa uzamivu anaandika programu ili athibitishe wazo. Akishalithibitisha hana haja nayo. Mkubwa anayewapa wanafunzi mfumo wa mishahara kwa sababu ni wa bure amenunua deni. Kununua programu iliyopo sokoni halikuwa kosa la Cambridge.

Je, basi idara haikuhusika? Hapo tena nasema hapana, ilipaswa kuhusika, na hapa ndipo jibu la mganga linapopata ukweli kidogo. Makosa waliyoyaeleza Shattock na Finkelstein yanafundishwa kwenye kozi za uhandisi wa programu: kubadili mfumo mzima bila maandalizi ya kutosha, kutowashirikisha watumiaji tangu mwanzo, kutokuwa na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "bado". Si mambo ya ndani kabisa ya taaluma. Mwalimu wa somo hilo, akikalishwa mchana mmoja na mpango wa mradi, angeuliza maswali manne au matano ambayo msimamizi asingeweza kuyajibu. Kuwa na watu wa kuuliza maswali hayo kwa sauti, ambao hawamwogopi msimamizi wala muuzaji, ni kitu ambacho chuo chenye idara hii tayari kinacho na hakihitaji kukinunua. Kinachohitajika ni kiti kwenye kikao kabla mkataba haujatiwa saini, na utawala ulio tayari kusikia kwamba tarehe ya kuwasha isogezwe.

Nakiri kwamba kiti hicho si kitamu. Msomi akipewa nafasi ya kukosoa atakosoa hata rangi ya vitufe, na mradi unaweza kufa kwa maoni. Wapo pia wahadhiri wanaojua kila kitu kuhusu algoriti na hawajawahi kuandika programu inayotumiwa na mtu asiyewajua. Mtu wa aina hiyo hafai kupewa mfumo wa fedha aukague. Lakini Maabara ya Wilkes ilikuwa imejengwa na watu wa aina nyingine kabisa, waliokaa miaka wakiangalia wanakemia wakikosea kutoboa tepu, na walijua kuwa mtumiaji akishindwa, nusu ya kosa ni la aliyemkabidhi chombo. Nusu karne ya ujuzi huo ilikuwa upande wa pili wa barabara.

Mwaka 2014 Cambridge iliunganisha huduma ya kompyuta ya wasomi na kitengo cha kompyuta cha utawala kuwa chombo kimoja. Idara haikuunganishwa navyo. Ilibaki kule magharibi mwa mji na kozi zake, maabara zake na watafiti wake, na mwaka 2017 ikajiita Idara ya Sayansi na Teknolojia ya Kompyuta, jina ambalo Lennard-Jones na mashine zake za mpini asingelitambua.